Benchi la Mama Nje ya Studio

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na poleni kwa kusimama juani. Mimi ni dada wa marehemu. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano, nikambeba mgongoni hadi nikapinda, na leo nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Kamati imeniomba nisome taratibu na nisigombane na mtu. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1979, mtoto wa nne na wa mwisho wa mama yetu, fundi cherehani wa sare za shule, na baba yetu, mchomeleaji wa mageti. Nyumbani tulimwita Kifungo. Alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha sare ya mteja, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza kitu, alikisubiri kitoke, akakiosha, akakishona mahali pake. Mteja hakuambiwa. Kama yupo hapa, atusamehe, familia ilikuwa changa. Huko nje ninyi mlimwita Kachozi, jina la kwenye televisheni. Jina hilo hamtaliona kwenye ratiba hii wala juu ya kaburi lake, na sababu mtaisikia sasa hivi.

Mwaka 1986 alianza darasa la kwanza katika shule iliyo nyuma ya karakana ya baba. Muhula wa pili walikuja watu wa televisheni wakitafuta mtoto wa kuigiza yatima katika tamthilia yao. Mwalimu mkuu aliwapanga mstari wanafunzi waliojua kusoma kwa sauti, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Marehemu hakuwemo. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi, amekaa pembeni analia, na kilio chake kilikuwa cha peke yake: uso umetulia tuli, machozi yanashuka tu kama bomba lisilofungwa vizuri. Mwongozaji wa tamthilia aliwapita wale wote wanaong'aa, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Huyu." Hawakumuuliza hata ameumia wapi.

Kwa miaka mitatu gari la studio lilimfuata shuleni kila Jumatano. Mpaka anakufa marehemu hakujua mito wala milima, kwa sababu jiografia ilikuwa Jumatano. Na kila Jumamosi jioni mlijaa kwenye sebule za wenye televisheni, mkamtazama akilia, nanyi mkalia naye. Jirani yetu mmoja alileta blanketi, akidhani kweli mtoto analazwa sakafuni na mama wa kambo. Tulimwonyesha kitanda, akaondoka nalo shingo upande.

Mama alimsindikiza kila mara, lakini studio ilikuwa na msemo wake kwamba wazazi wanaharibu kazi. Kwa hiyo alikaa nje, kwenye benchi la mbao karibu na geti, akipinda sare kwa sindano na uzi mpaka mwanawe atoke. Na mtoto akitoka alimkimbilia, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwanza, ndipo akamwamkia. Nyumbani hakumwachia nafasi. Mama akienda jikoni, yuko nyuma. Mama akienda kuoga, amekaa mlangoni anaimba ili ajibiwe. Sisi tulimwita mkia. Baba alisema mtoto amedekezwa na sifa zimempanda kichwani.

Mwaka 1989 alirefuka. Jumatano moja alisimama kwenye geti la shule na shati lake lililopigwa pasi, na gari halikuja. Hakuna aliyemwambia kitu. Jumamosi tulipowasha televisheni tukamwona mtoto mwingine, mdogo zaidi, amevaa shati lile lile lenye kiraka, anaitwa Kachozi. Sisi tulichemka. Marehemu hakuchemka. Alimtazama yule mtoto anavyolia, kisha akamgeukia mama, akauliza kama anayeulizia chakula:

"Mama, na huyu naye wamemwambia mama yake amekufa?"

Mama alizima televisheni. "Nani alikwambia mimi nimekufa?"

"Anko mwongozaji. Ananinong'oneza sikioni. Anasema umegongwa na gari hapo nje. Siku nyingine anasema umeanguka, hupumui. Halafu anasema haya, kamera."

"Na wewe ulikuwa unaamini, mwanangu?"

"Kila siku," akasema. "Lakini nikitoka nakukuta kwenye benchi."

Jumatatu asubuhi wazazi wetu walikwenda studio, baba bado ana miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Mwongozaji aliwatokea getini na kikombe cha chai mkononi. Akasema, "Mama, hiyo ni kazi tu. Mwanao alikuwa na kipaji." Mama akamjibu, "Kipaji chake kilikuwa kunipenda mimi." Walikwenda kushtaki, wakaulizwa mtoto ana alama gani ya kupigwa. Hakuwa nayo hata moja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama yetu aliujua vizuri, kwa sababu wakati mwanawe akimlilia humo ndani yeye alikuwa hai, hatua chache kutoka mlangoni, anatunga uzi. Televisheni yetu iliwekewa kitambaa, juu yake zikapangwa sare, na mwisho tukasahau kwamba chini yake kuna televisheni.

Baada ya sekondari marehemu alisomea ufundi umeme, akahitimu mwaka 1999, akawa fundi mzuri, mwenye maneno machache na ngazi yake mwenyewe. Tarehe 9 Agosti 2003 mama alifariki ghafla kwa shinikizo la damu. Mimi ndiye niliyempigia simu marehemu. Alisema, "Sawa, dada," akakata. Alifika jioni, nyumba imejaa watu, ameshika balbu. Mama alikuwa amemwagiza balbu ya jikoni. Aliwapita waombolezaji wote, akapanda kwenye stuli, akaifunga, akajaribu swichi, ikawaka. Kisha akakaa. Hakulia siku ile, hakulia makaburini, hakulia hata tulipogawana nguo za mama. Watu wakasema: aliyelia kwenye televisheni mbele ya nchi nzima, kwa mama yake mzazi hana chozi. Waliosema hayo wapo hapa leo, nawaona, wamekuja na miwani myeusi. Karibuni sana.

Nilimuuliza mwenyewe baada ya wiki kadhaa. Aliniambia, "Dada, nikiambiwa mama amekufa, mwili wangu hauamini. Unangoja nitoke nje nimkute kwenye benchi."

Mwaka uliofuata alipata kazi ya taa katika studio ile ile. Tulimkataza, hakusikia. Mwongozaji wa zamani alikuwa amestaafu, lakini mambo yalikuwa yale yale, na benchi lilikuwa pale pale. Siku moja waliigiza msiba, na katikati alikuwa binti wa miaka sita aliyekataa kulia. Mwongozaji mpya akainama, akapeleka mdomo sikioni mwa mtoto. Marehemu akashuka kwenye ngazi, akaenda kwenye swichi kubwa, akazima. Studio nzima ikawa giza.

"Umeme umefanya nini?" mwongozaji akauliza.

"Haujafanya kitu. Nimezima mimi. Hilo unalomwambia mtoto liseme kwa sauti, na sisi tusikie."

"Wewe fundi taa, kaa kwenye taa zako."

"Ndizo nilizozima, bwana. Ukisema kwa sauti nitawasha."

Hakusema. Kama lingekuwa neno la kheri, si angelisema? Marehemu akamshika yule binti mkono, wakapapasa mpaka mlangoni, akamkabidhi kwa baba yake pale nje kwenye benchi. Jioni hiyo akafukuzwa kazi. Lakini baba wa yule binti hakuondoka getini, na mpambaji wa studio, dada aliyewapaka waigizaji poda, alikwenda kwa mwenye studio akamwambia kuwa kwenye sanduku lake kuna matone ya machozi ya bandia ambayo hakuna aliyeyaomba, kwa sababu kumliza mtoto ni haraka zaidi. Mwenye studio, ambaye naye alikuwa mama, alimwita marehemu arudi, safari hii awe mlezi wa watoto wa studio.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo alilibeba lile benchi begani, akaliingiza ndani, akaliweka nyuma ya kamera mahali ambapo mtoto akiinua macho anamwona aliyekuja naye. Akaweka sharti kwamba hakuna kumnong'oneza mtoto. Neno lisilosemeka mbele ya mzazi wake, mtoto haambiwi. Shule ikiwa na vipindi, gari halimfuati. Waongozaji walilalamika, wakamwita Mkuu wa Magereza, naye akaitika. Na kila tukio la majonzi likiisha, alikuwa na beseni lake la maji ya uvuguvugu. Alimnawisha mtoto uso mwenyewe, polepole, akimuuliza: "Jina lako nani? Si la kwenye mchezo, lako." Mtoto analitaja. "Una miaka mingapi?" Anasema. "Nani yuko kwenye benchi?" Mtoto anageuka, anaonyesha kwa kidole: mama, babu, kaka. Hapo ndipo marehemu alimwachia aende. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini, na studio nyingine mbili zikaiga.

Yule mpambaji mwenye matone ndiye wifi yangu. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010. Marehemu alichelewa kumposa, nusura wifi aposwe na muuza vitambaa, mpaka nilipomwambia, "Kifungo, ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwaka 2014 Mungu aliwapa binti, ambaye kwa jinsi anavyotuamrisha sote tunamwita Bibi Mdogo.

Mwaka jana mwezi Oktoba marehemu alianza kulalamika tumbo. Vipimo vilionyesha saratani iliyokwishaenea. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Dawa ziliposhindwa, tulikaa kikao cha ukoo sebuleni kwake, na wakubwa wetu, kwa nia njema, wakaamua kwamba mtoto asiambiwe. Aambiwe baba anasafiri kikazi. Walizungumza kwa sauti ya chini, lakini marehemu alisikia kutoka chumbani.

"Safari gani hiyo isiyo na kurudi?" akasema. "Mleteni hapa. Na mlango uacheni wazi, wote msikie."

Bibi Mdogo akaja, akakaa kitandani. Marehemu akamwambia, "Mwanangu, baba anaumwa na dawa zimeshindwa. Nitakufa. Sikutanii, na si mchezo."

"Lini?"

"Sijui. Nikijua nitakwambia."

Na marehemu akaanza kulia, uso umetulia tuli, machozi yanashuka, vile vile kama siku ya ngazi za shule. Sikuwa nimeyaona machozi yale tangu utotoni. Bibi Mdogo akayafuta kwa kanga ya mama yake, akauliza, "Baba, hayo ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Haya," akasema, akamlalia kifuani. Sisi wakubwa tulitafuta pa kuangalia.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni mwaka huu marehemu aliamka mnyonge sana. Bibi Mdogo aliomba beseni. Alimnawisha baba yake uso polepole, maji ya uvuguvugu, akamuuliza, "Jina lako nani?" Marehemu akatabasamu, akasema, "Kifungo." "Una miaka mingapi?" "Mingi." "Nani yuko kwenye benchi?" Marehemu aliangalia mlangoni. Kisha akasema, "Mama. Anapinda sare." Alifariki kabla ya saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Wenzetu wa televisheni waliomba waje na kamera, na waonyeshe hapa kile kipande maarufu cha Kachozi akilia. Tumewakaribisha waje mikono mitupu kama waombolezaji wengine, na tunashukuru kwamba wamekuja. Kipande kile hakitaonyeshwa hapa. Yule ni mtoto aliyedanganywa kwamba mama yake amekufa, na hatutamtazama tena.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, kaka mmoja, dada wawili, na watoto wa studio ambao idadi yao aliijua yeye. Wengine ni watu wazima. Yule binti wa siku ya giza ni muuguzi, na ndiye aliyesimama pale na beseni.

Sasa wewe, Bibi Mdogo. Baba yako aliniagiza nikuambie mbele ya watu, kwa sauti. Baba yako amekufa, mwanangu. Ni kweli. Tukitoka hapa hatutamkuta nyumbani. Ukitaka kulia, lia. Usipotaka, hakuna wa kukulazimisha. Ukiinua macho, shangazi yako nitakuwa nimekaa hapo mbele na siendi popote.

Na wewe Kifungo, mdogo wangu, kazi imekwisha. Pumzika. Toka nje, umkute mama kwenye benchi.