Bwana Shamba Zachary na Viboko wa Botswana

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya kilimo, Garsen, Bw. Zachary Hiribae anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wakulima kuanzia Kulesa hadi Wema wanamwita Bwana Shamba. Viboko wa mto Tana nao bila shaka wana jina lao la kumwita, ila tunashuku halichapishiki.

Alianza kazi Hola akiwa kijana mwembamba, akahamishiwa Garsen kwa muda tu, na muda wenyewe haujaisha mpaka leo. Amewaletea watu mbegu nzuri za mpunga na amepatanisha majirani waliogombania mipaka, lakini sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kukagua mahindi yaliyoliwa. Kulesa hawasahau siku alipokwenda kukagua hasara akamkuta kiboko mwenyewe bado yumo shambani, anatafuna. Bwana Shamba alitimua mbio, na bibi mmoja mwenye gongo akampita njiani. Ripoti yake ilisema kwamba afisa alihama eneo la ukaguzi kwa dharura. Bosi alitia sahihi bila kuuliza.

Sasa mzee huyuhuyu akatangaza kwamba akistaafu tu anakwenda Botswana kutalii, kutazama viboko. Lo! Wario, mwenzetu wa idara ya mifugo, alimuuliza kama amepima malaria. Kama ni lazima afike huko, alisema, basi si akaangalie ng'ombe, wanyama wa maana?

Mkewe, Mama Dorothy, hakuona cha kuchekesha. Yeye analima kijijini Wema, na miaka yote amelinda mahindi yake kwa kugonga debe. Alisema hapandi ndege kuwafuata ndugu za mwizi wake. Bwana Shamba akasema bila mkewe haendi popote. Hapo ofisi nzima ikaingiwa na hofu, maana asiposafiri atakuja hapa kila asubuhi kutukosoa.

Gumato, karani wetu, ndiye aliyewasiliana na kambi moja ya watalii huko. Wenye kambi wakajibu kwa majigambo kwamba viboko wao hutoka mtoni usiku wakala hadi mlangoni pa mahema. Bwana Shamba alisikitika mno. Akamwagiza Gumato awape pole kwa niaba ya ofisi, na ushauri juu: wachimbe mtaro, wawashe moto, wafunge makopo kwenye kamba. Na kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, yeye akifika atashika zamu ya ulinzi. Gumato, kwa utundu wake, akatuma maneno yote kama yalivyo.

Meneja wa kambi, mama mwenye adabu zake, alishukuru sana. Akaeleza kwamba pale hakuna shamba la mtu. Viboko wanakula nyasi tu na hakuna anayewafukuza.

Bwana Shamba aliusoma ujumbe huo mwenyewe. Kisha akatuambia, na siku hiyo hakuna aliyecheka, kwamba tangu azaliwe hajawahi kumtazama kiboko bila hasira, na kabla hajafa angependa kumtazama mmoja hivihivi tu. Tulimhurumia, jamani. Tukamsukuma aende Wema akambembeleze mkewe mara ya mwisho.

Mama Dorothy aliuliza kama ni kweli huko hakuna mahindi, hata kibustani cha nyuma ya nyumba. Akahakikishiwa hakuna. Akafikiri, akamaliza kupepeta mpunga wake, ndipo akakubali kwa sharti moja. Viboko wakija mlangoni, asiamshwe. Wale mpaka washibe, yeye atakuwa amelala.

Wanaondoka Agosti. Bwana Shamba, tunakushukuru kwa mashamba uliyoyaokoa, kwa ukali wako na kwa vicheko. Mama Dorothy, ahsante kwa kutuazima mume miaka yote hii. Mungu awape maisha marefu yenye heri, na huko muendako mlale mpaka jua liwe kali.