Geti la Chumba cha Mashine ya Moyo

Nesi: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Jumanne, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi.

Nesi: Shemeji? Mbona nasikia—

Fundi: Saa nne dada yako, mke wangu, aliingia wodini kwako na homa ya virusi, anatembea kwa miguu yake. Saa kumi jioni nikapewa kanga zake kwenye mfuko wa nailoni. Si ndivyo?

Nesi: Shemeji, niko zamu. Hizo kelele za nini?

Fundi: Bosi wako huyo. Anabamiza geti.

Nesi: Geti gani?

Fundi: La chumba cha mashine ya moyo. Nimemsukuma ndani, nimelichomelea pande zote. Hatoki mtu.

Nesi: Unanitania.

Fundi: Nimemtia nyundo ya goti kwanza. Limelia kama sufuria. We mzee, nyamaza! Nitakuchoma huo mdomo!

Nesi: Yesu wangu! Na walinzi?

Fundi: Wamenibebea mashine ya kuchomelea. Si wananijua? Geti nililitengeneza mimi, mwaka jana. Bosi wako alisema vifaa vinaibwa. Nikamtilia nondo nene, mjinga mimi.

Nesi: Shemeji, nisikilize—

Fundi: Nimewasikiliza miezi mitatu! "Virusi vilishuka kwenye moyo." "Kazi ya Mungu." Mungu ndiye aliyeondoka na ufunguo wa geti hili mfukoni kwenda semina, au huyu bosi wako?

Nesi: [mtandao unakwaruza] —kitanda cha nne—

Fundi: Sema kwa nguvu!

Nesi: Kuna mama kitanda cha nne! Ana ugonjwa uleule. Presha inashuka, anahema juu juu. Daktari wa zamu hajui ampe maji au amnyime. Moyo ukiwa mzima, maji yanamwokoa. Ukiwa umechoka, yanamjaa mapafuni, anazama akiwa kitandani. Lazima tuupige picha kwanza. Sasa hivi.

Fundi: Ipigeni.

Nesi: Mashine iko humo ndani, shemeji. Umeifungia na bosi.

Fundi: [anatupa nyundo chini]

Nesi: Upo?

Fundi: Wangu alipigwa picha?

Nesi: Usianze.

Fundi: Nakuuliza! Alipigwa?

Nesi: Hakupigwa. Tulibahatisha. Alipewa maji.

Fundi: Basi na huyo mbahatishe! Au huyo ni binadamu na wangu alikuwa debe?

Nesi: Ana mtoto wa miezi minne. Kaka yangu, nakupigia magoti hapa koridoni, watu wananitazama. Kata hilo geti.

Fundi: Nikikata, huyu anatoka.

Nesi: Atoke! Utamvunja goti la pili siku nyingine!

Fundi: [anacheka, anakohoa] Wewe na dada yako, mdomo mmoja.

Nesi: Inachukua muda gani kulikata?

Fundi: Kwa grenda? Dakika tano. Nondo nazijua.

Nesi: Washa basi. Naleta kitanda hapo mlangoni. Washa, shemeji!

Fundi: We mzee, rudi nyuma! Cheche hizi, ukikaa hapo nakutoboa jicho, na sitasikitika! [grenda inanguruma, inazimika] Shemeji.

Nesi: Usizime! Mbona umezima?

Fundi: Dakika tano.

Nesi: Ndiyo, malizia—

Fundi: Jumanne ile nilikaa kwenye benchi lako kutwa nzima. Nilikuwa nimetoka kazini. Grenda ilikuwa kwenye begi, hapa kati ya miguu yangu. Ukaruka begi mara ngapi ukipita na dripu zako?

Nesi: Shemeji, salio lako litaisha, kata kwanza—

Fundi: Mlijua mashine iko humu. Mlijua geti ni langu.

Nesi: Tungekuambia ukate geti, tungefukuzwa kazi sote... [king'ora cha mashine ya presha kinalia wodini] Presha imeanguka! Kata!

Fundi: Nakata. Lakini nijibu, dada yangu. Kwa nini hukuniambia?