Bastola ya Maji Yaendayo Handeni

Katika basi la Korogwe kwenda Handeni, wakati wa vijiji vya ujamaa, mbele yangu mama mmoja alipakata bastola ya plastiki. Mzee wa pembeni yake akauliza ni ya nini.

"Ya mjukuu wangu, mzee. Inarusha maji mpaka ng'ambo ya uwanja."

"Huo ndio uzuri wake. Na ubaya?"

"Inataka maji."

"Basi kwetu itarusha vumbi!" Tukacheka, wa Handeni kwa sauti ndogo.

"Tulipohamishwa kutoka mtoni tuliahidiwa bomba," mama akasema. "Bomba lipo."

"Na maji?"

"Bomba lipo, mzee."

Mzee aliigusa bastola. "Mbona nzito?"

"Nimeijaza mtoni Korogwe. Mtoto amezaliwa kijijini, hajaona maji ya kuchezea. Ayaone mara moja tu."

"Mama yake yuko kisimani tangu alfajiri, wewe unamletea maji ya kumwaga! Huoni haya?"

"Naona. Lakini ni mtoto."

Basi likasimama kijijini kwake. Chini ya bomba madebe matupu yalipangwa foleni, wenyewe wameketi kivulini wakitutazama. Mama akaificha bastola ndani ya khanga, kama aliyeiba, ndipo akashuka.