Tulipoacha Kuwaogesha Watoto Wachanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, wakunga wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi kina mama mlioketi na watoto vifuani, ambao kwa haki ningewataja wa kwanza: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika tano. Mkunga hajui kumaliza jambo kwa dakika tano, lakini nitajitahidi.

Leo tunafungua wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, yenye vitanda kumi na viwili. Mashine ya kupasha joto ni moja tu, na umeme wetu mnajua maringo yake. Mbona basi mwaka mzima hatujampoteza hata mtoto mmoja kwa baridi? Mheshimiwa, jibu linaanzia kwenye aibu yangu.

Wakongwe wananijua kwa jina la Mama Beseni. Kwa miaka kumi na tisa, mtoto akizaliwa mikononi mwangu, mama yake hajavuta pumzi nami nimeshamwogesha na kumpaka mafuta, anang'aa. Kina bibi wakija wananisifu, kichwa kinanivimba. Mwongozo ulisema mtoto akaushwe, alazwe kifuani kwa mama, maji yasubiri hadi kesho. Mimi nilisema walioandika mwongozo hawajawahi kumkabidhi bibi mjukuu mwenye utando kichwani.

Asubuhi moja ya baridi akajifungua fundi cherehani mmoja, mimba ya tatu, miezi saba na nusu. Wawili wa kwanza walikuwa wamefariki siku ile ile ya kuzaliwa. Huyu alikuwa kilo moja na nusu. Nikanyoosha mikono nimchukue. Mama akamkumbatia kifuani, akajivutia shuka, akaniambia taratibu, "Dada, huyu humwogeshi."

Nikafoka. Nikaandika kwenye faili lake: mkaidi. Kisha nikamwogesha mtoto wa kitanda cha pili, mnene, mzima kabisa.

Saa sita mchana muuguzi wa zamu akapita na kipimajoto. Yule mnene wangu alikuwa na nyuzi thelathini na nne. Njiti wa mkaidi, thelathini na sita na nusu. Nikasema kipimajoto kibovu, nikaleta kingine, nikapima mara tatu. Halafu nikamvua yule mnene nguo, nikamlaza kifuani kwa mama yake. Kufikia saa tisa alikuwa amepata joto na ananyonya.

Baada ya hapo, ili tuache kuwaogesha, tulibishana na kina bibi mlangoni, tukabishana sisi kwa sisi, na Daktari Mkuu huyu anayetabasamu alininunia wiki nzima. Tumeshinda, jamani. Katika wodi hii mashine ya kwanza ni mama mwenyewe, na huyo hakatiki!

Fundi cherehani yuko hapa mstari wa mbele. Siku hizi ndiye anayewafundisha wenzake kuwafunga watoto kifuani. Lakini kuna jambo sijawahi kulisema mbele za watu. Dada yangu, wale wawili wako wa kwanza walizaliwa hapa hapa. Nilifungua daftari la wodi, nikakuta saini ni yangu. Niliwaogesha mimi. Kama ni maji yangu yaliyowaondoa, sijui, nawe kwa miaka yote hii hujaniuliza. Naomba unisamehe.

Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, mkasi wa kukata utepe mpe yeye.

Asanteni kwa kunitegea masikio.