Pete Nyeupe ya Mama Rogers

Baba Paroko, masista, viongozi wa jumuiya yetu, majirani wa Kunduchi Mtongani, Waislamu kwa Wakristo, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu, na ninawaomba uvumilivu, kwa sababu sehemu ya historia hii aliiandika mwenyewe na akaacha agizo kwamba isomwe bila kupunguzwa.

Apolonia Kokugonza Projestus alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 1961, huko Kamachumu, mkoa ambao sasa ni Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Projestus, karani wa ushirika wa kahawa, na Mama Yustina, na kwa kuwa desturi ya nyumba yetu ilikuwa kumpa mtoto jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, akapewa jina la Mtakatifu Apolonia, yule shahidi aliyevunjwa meno na watesi wake, ambaye Wakatoliki humwomba jino linapouma. Mama alikuwa akisema kwamba jina lilitangulia njiani na mtoto akalifuata nyuma.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari Bukoba mjini hadi 1979, na mwaka 1981 akachaguliwa kwenda mkoani Mbeya kusomea utabibu wa meno, fani ambayo wakati ule wasichana wachache waliipenda, akahitimu mwezi Novemba 1983 akiwa wa pili katika darasa lake. Huko ndiko alikofundishwa kuchanganya zebaki na unga wa fedha na bati ndani ya kinu kidogo cha kioo, kuusaga mchanganyiko mpaka ulainike, kuufunga katika kipande cha kitambaa na kuukamua kwa vidole vitupu, zebaki iliyozidi ikidondoka mezani kama shanga, kisha kuushindilia ule uliobaki ndani ya jino lililotoboka. Hakuwahi kumlaumu mwalimu wake kwa hilo, alisema mwalimu alimfundisha kama naye alivyofundishwa, na kwamba wagonjwa waliokuja wameshika mashavu waliondoka wakicheka.

Mwezi Machi 1984 aliajiriwa katika kituo cha afya Temeke, akafanya kazi hapo kwa miaka saba, na mwaka 1991 akahamishiwa Kinondoni, alikokaa hadi alipostaafu mwaka 2021. Tukiwahesabu waliopita mikononi mwake hatutamaliza leo, lakini tunajua kwamba wengi mliokaa chini ya maturubai haya mmebeba kazi yake midomoni mwenu.

Tarehe 13 Septemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Wilfred, waliyefahamiana Mbeya, na shemeji yetu akamvisha pete ya dhahabu. Haikupita miezi mitano, pete ikaanza kufifia, ikawa nyeupe kama kifuniko cha sufuria, na mawifi zake walipokuja kutoka Tukuyu kumwona, mmoja akamshika mkono, akautazama, akasema, "Wifi, kaka yetu kakuoa kwa bati? Sema tumchangie." Dada yetu alicheka pamoja nao, lakini Wilfred hakucheka, akaichukua pete hadi kwa sonara mmoja wa Kariakoo, Mzee Mudathir, akitaka ushahidi wa kumdai aliyemuuzia. Mzee Mudathir akaigeuza mara moja tu, akauliza, "Mwalimu, mkeo anafanya kazi gani?" Alipoambiwa, akasema, "Basi usigombane na mtu. Dhahabu hii ni ya kweli, imekula zebaki." Akaiweka motoni palepale ndani ya kibanda chake, zebaki ikapanda kama mvuke, pete ikarudi rangi yake, na wote wawili wakafurahi, wakiwa wameuvuta mvuke ule bila kuuona. Wala dada yetu hakujifunza kuivua akiwa kazini, maana alisema mke hawezi kuvua ndoa kila asubuhi, kwa hiyo mara tatu katika miaka kumi pete iligeuka nyeupe, na mara tatu Mzee Mudathir akaichoma.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Rogers aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, Bupe aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1991, na Hope aliyezaliwa tarehe 7 Agosti 1996. Hapa ndipo inapoanza sehemu aliyotuamuru tusiifiche. Mwaka 1994, watoto wakiwa wadogo na vitu vya kuchezea vikiwa haba, alirudi kutoka kazini na zebaki kidogo ndani ya kichupa cha dawa ya sindano, akaimwaga kwenye sahani, akawaonyesha jinsi inavyogawanyika na kuungana tena, na kwa wiki kadhaa mchezo huo ndio uliopendwa kuliko yote nyumbani. Rogers aliiita maji ya mwezi. Bupe alilala ameikumbatia sahani. Mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi ninayeishi kwao, na ninakiri nilicheza nao.

Mwaka 1998 alipelekwa kwenye semina, akasikia kwa mara ya kwanza kwamba mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, kwamba huingia mwilini kwa pumzi na kwamba watoto ndio huumia zaidi, na kwamba ile inayomwagwa kwenye masinki hufika baharini ikaingia katika samaki. Alirudi nyumbani mchana, akatoa nje magodoro na mikeka yote, akakipekua chumba cha watoto ufa kwa ufa, kila chembe aliyoiona akaikusanya kwa kipande cha karatasi na kuirudisha kwenye kichupa kile, akaifunika kwa maji na kukifunga kwa plasta. Kilikaa stoo miaka ishirini na saba. Kuanzia siku hiyo hakukamua tena kwa mkono, mabaki yote ya kazini aliyatunza kwenye chupa zenye maji mpaka wahusika walipokuja kuyachukua, na pete alianza kuivua kabla ya kunawa mikono. Ilikuwa nyeupe kwa mara ya nne. Wilfred alipotaka kuirudisha Kariakoo alikataa, akasema, "Mzee wa watu ana wajukuu wanaolala nyuma ya kile kibanda. Mara tatu zinatosha." Akaivaa hivyo hivyo, nyeupe, hadi alipofariki.

Jirani yetu Mwanaasha, ambaye wote mnamjua pale kwenye mnada wa samaki, alisikia redioni mwaka 2019 habari za zebaki inayozibia meno na ile inayomwagwa, akaja asubuhi na ndoo yake kichwani, akasimama mlangoni bila hata kuitua, akasema, "Mama Rogers, jino langu uliliziba wewe mwaka tisini na tatu. Nambie mie, umenitia sumu?" Dada yetu alimkaribisha ndani, akamtazama jino kwa tochi, akamweleza kwamba kilichokwisha kukaa kigumu ndani ya jino hutoa mvuke kidogo sana, na kwamba kukichimba bila sababu huamsha mwingi kuliko kukiacha, basi asikiguse mpaka kitakapovunjika chenyewe, na kikivunjika aende kwa daktari na aombe kijazio cheupe. Mwanaasha akauliza, "Na ile uliyomwaga?" Dada yetu akajibu, "Ile ndiyo inayoninyima raha, shoga yangu. Mfereji wa kituo unaelekea baharini, na baharini ndiko unakotoa riziki yako." Mwanaasha akaitua ndoo, wakanywa chai.

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya kustaafu, mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza kidole gumba, baadaye yote miwili, hadi akashindwa kushika kikombe, na mwishoni mwa mwaka 2024 figo zake zikaanza kushindwa. Tunasema wazi, kama yeye alivyotaka tuseme, kwamba madaktari walipima na hawakuweza kuthibitisha kuwa ni zebaki, wala kuthibitisha kuwa siyo. Yeye hakuhangaika kumtafuta mwenye kosa. Alihangaikia pete. Alimwita Rogers akamwambia pete isizikwe pamoja naye, iwekwe ndani ya kichupa cha stoo na vyote vikabidhiwe mahali panapostahili, na Rogers alipomwambia, "Lakini mama, hiyo ni chembe tu," akajibu, "Chembe ndiyo niliyokuwa naimwaga kila siku kwa miaka kumi na nne, baba."

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, mumewe akiwa ameishika mikono yake.

Juzi familia ilikaa kikao juu ya agizo hilo, na hatukupatana upesi. Wazee walisema marehemu hasemwi vibaya, iweje asimame mbele ya watu ajiseme mwenyewe, na shemeji yetu Wilfred alisema, "Pete hii nilimvisha mimi mbele ya altare. Kwa nini azikwe kidole kitupu kama asiye na mume?" Ndipo Mwanaasha, aliyekuwa amekuja kutusaidia kupika, akaomba ruhusa ya kusema, akasema, "Mwalimu, mie mgeni kwenye kikao chenu. Lakini huyu mtu alinijibu ukweli siku niliyomjia na hasira, wala hakunijibu ili nimsamehe. Jino langu lipo, latafuna. Na akiwa kaomba kitu kimoja tu, hicho kimoja mpe." Jana mchana, kabla jeneza halijafungwa, Wilfred aliivua pete kwa mkono wake mwenyewe, akaitumbukiza ndani ya kichupa, akakifunga, na Rogers atakipeleka Jumatano kwa wale wanaokusanya mabaki ya zebaki. Kidoleni imebaki alama yake, na hiyo, alisema Wilfred, hakuna anayeweza kuivua.

Basi marehemu anawaomba mliozibwa meno naye msiogope wala msikimbilie kuyachimba, anawaomba mnaokwenda kwa madaktari muulize mabaki yanatupwa wapi, na anawaomba radhi wavuvi na wachuuzi wa pwani hii kwa yale aliyoyatenda kabla hajajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa Temeke na Kinondoni, Baba Paroko na jumuiya kwa sala zenu, na majirani wa Mtongani mliopika, mliochota maji na mliolala nasi chini siku zote hizi. Hatuwezi kumshukuru kila mmoja kwa jina, tunaomba mpokee hivyo.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne. Dada Apolonia, mikono yako haitetemeki tena. Tumesoma yote, hatukupunguza. Pumzika kwa amani.