Duara Jekundu Kwenye Benchi la Pa Gallo

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu Juni, saa nne na nusu asubuhi, wanafunzi wa darasa la nne walipopita wakiwa na karatasi yao kubwa. Walisimama mbele ya benchi, wakalitazama, wakalizungushia duara jekundu kwenye karatasi, wakaenda zao. Mwalimu wao alisema tu kwamba baraza la mtaa limewaomba watoto wachore kitongoji chao cha Pikine, nje ya Dakar, wanavyokitaka kiwe, kabla mipango ya ujenzi haijapitishwa. Pa Gallo Thioune alikuwa amekaa mwisho wa kushoto, mahali pake pa siku zote. Mwisho wa kulia haukukaliwa na mtu tangu mkewe, Mama Dibor, aliyekuwa akiuza karanga hapo, aitike wito wa Mola wake. Arobaini yake ilikuwa imepita kwa wiki mbili. Kila asubuhi Pa Gallo alimsomea sura ya Kulhuwallahu hapo hapo benchini, na baada ya hapo ndipo alipokunywa kahawa.

— Hilo duara ni bomoabomoa, alisema Waziri kando yake, ambaye zamani alifagia ofisi za baraza na tangu hapo anajua siri zote za serikali. Nyekundu haina tafsiri nyingine.

— Wachoraji wenyewe wana miaka kumi, alisema Zege, mwashi mstaafu.

— Ndiyo hatari yenyewe! Mtu mzima unamnunulia kahawa, mnayamaliza. Mtoto utamhonga nini?

— Pipi.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Leo wabichi ndio wanaotukunja sisi wakavu!

Zege akamimina kahawa, ile ya pilipili inayokwangua koo.

— Mimi nasema ni kituo cha treni.

— Treni ipite uani kwa watu?

— Ya chini kwa chini, bwana.

— Chini kuna maji, Zege! Mvua za mwaka jana kandambili zangu zilifika msikitini kabla yangu.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Vimeundwa na nani? Mimi nilikuwa nazifukuza pekupeku!

— Basi ni bandari, Zege akapiga paja. Si unaona? Maji yapo tayari. Watoto wameona mbali. Meli itafungwa kwenye mguu wa benchi hili.

— Meli ya wapi?

— Ya Brazili.

Hata Pa Gallo alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akaweka kikombe chini.

— Wakiling'oa, alisema polepole, nitamsomea wapi?

Zege akaomba msamaha kwa ajili ya meli.

Adhuhuri ilipokaribia, shule ikatoka. Msichana mmoja, Maguette, akaja amebeba ile karatasi iliyokunjwa.

— Asalaam aleikum, wazee.

— Aleikum salaam. Njoo hapa, binti, alisema Waziri. Mnatufukuza?

— Hapana, babu. Mwalimu alisema duara jekundu ni pahali pasipoguswa.

Akaikunjua juu ya mapaja ya Pa Gallo. Benchi lilikuwa kubwa kuliko msikiti. Chini yake watoto walikuwa wamechora ule mrundo wa kifusi ambao Zege na wenzake waliurundika miaka mitano iliyopita, ili miguu yao isilowe wakati wa kahawa. Hawakujua kwamba wamejenga kivuko. Mtaa ukijaa maji, hapo tu ndipo pakavu, na watoto wote wa shule walipandia hapo, wakaruka kutoka tairi hadi tairi, zile kuukuu zilizopangwa majini, mpaka ng'ambo. Na mwisho wa kulia, amejifunga kilemba cha njano, alisimama mwanamke aliyemshika mtoto mkono.

— Mvua zinaanza mwezi ujao, alisema Maguette. Sasa nani atatushika mkono?

Waziri akatazama angani. Zege akatikisa chupa ya kahawa: tupu.

Pa Gallo alikunja karatasi taratibu, akamrudishia. Akaegemea fimbo yake, akainuka, akapita mbele ya wenzake wawili, akakaa mwisho wa kulia. Ubao ulikuwa na joto la jua. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, kama anayepima umbali hadi mkono wa mtoto. Ulifika.

Kisha akainua viganja vyote viwili, na wenzake wakainua vyao.

— Ewe Mola, mrehemu Dibor. Umpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Nawe umvushe pakavu, kama alivyowavusha watoto wa watu. Amina.