Mzee Stesheni na Treni ya Jumamosi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza kaka yetu, familia imemtuma mdogo wa marehemu asimame mbele yenu aisome historia hii, na mjane ameomba jambo moja tu, kwamba isomwe yote bila kurukwa, hata pale patakapouma. Ameomba hivyo kwa sababu tangu Jumamosi iliyopita yamesemwa maneno jikoni na nje ya geti, kwamba mume alikuwa anakata roho hospitalini huku mke yuko jukwaani anapeperusha bendera, na maneno hayo, tusifichane, mengi yametoka upande wetu sisi wa mwanamume. Basi anayetaka kuhukumu avute subira, ahukumu tukishamaliza kusoma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Stesheni, alizaliwa tarehe 11 Februari 1943, katika nyumba za wafanyakazi wa reli zilizo ng'ambo ya njia, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa kwenye kikosi cha kutengeneza reli, na mama yetu, ambaye alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa alikaa kimya mpaka treni ya mchana ikapita, ndipo akalia. Mama alikuwa haishiwi chumvi katika masimulizi yake, ila kwa jinsi tulivyomjua kaka, hakuna aliyewahi kumbishia.

Stesheni yenyewe ilimtangulia duniani kwa karibu miaka kumi na saba, kwani ilifunguliwa mwezi Julai 1926, na si kubwa, mgeni anaweza kuitupia jicho mara moja akadhani ameimaliza. Ni jengo moja refu la mawe ya kijivu na paa la vigae, katikati pana ofisi ya tiketi yenye kidirisha kinachomlazimisha hata mkubwa wa serikali kuinama, upande wa kulia chumba cha kungojea chenye mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya vizazi vitatu, upande wa kushoto stoo ya mizigo na mizani yake ya chuma, na nyuma, ukuta kwa ukuta na ofisi, nyumba ya mkuu wa stesheni, vyumba vitatu pamoja na jiko ambalo dirisha lake linatazama jukwaani. Mwisho wa jukwaa limesimama tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na mara baada ya hapo reli inapinda kuuzunguka mlima, kwa hiyo aliye jukwaani huisikia treni muda mrefu kabla ya kuiona, kisha humtokea ghafla, nzima nzima, moshi na kelele na yote. Mawe yale yalipangwa na mafundi ambao baba yetu aliwaheshimu kuliko wafalme, alituambia kisu hakipiti kati ya jiwe na jiwe, na kaka alipokuwa mdogo alijaribu kwa kisu cha mama, kisu kikavunjika, naye akachapwa ipasavyo.

Alianza shule mwaka 1951, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza darasa la nane mwaka 1958, hesabu zikiwa zimemkubali na uimbaji ukiwa umemkataa kabisa. Tarehe 2 Machi 1959 aliajiriwa kuwa mpagazi wa stesheni ile ile, mwaka 1963 akawa karani wa tiketi, akafundishwa kazi ya ishara na mkuu wa stesheni wa wakati huo, mtihani akaufanyia hapo hapo mbele ya mkaguzi aliyekuja kwa treni ya asubuhi akaondoka kwa ya jioni, na tarehe 1 Juni 1971 akakabidhiwa kofia, filimbi na stesheni.

Hapa wale wasioijua kazi ile waelewe jambo moja. Reli yetu ni ya njia moja, na treni hairuhusiwi kuingia mpaka mtu aliyeko stesheni aikubali, avute ishara, kisha asimame jukwaani na bendera kuipokea, na mtu huyo miaka yote alikuwa kaka, ambaye alisafirisha nusu ya mji huu bila yeye mwenyewe kupanda treni hata siku moja. Kinyozi hajinyoi. Hata alipopewa likizo na mwenzake kuletwa kumshikia zamu, yeye aliketi jikoni, kwenye dirisha, akimchunga yule bwana wa watu kila anachoshika.

Mke wake alishuka katika jukwaa hilo hilo mwaka 1966, msichana fundi cherehani aliyekuja kumtembelea shangazi yake, yeye akashuka na begi lake likaendelea na safari, kaka akapiga simu stesheni hadi stesheni mpaka likapatikana, na msichana alipokuja kulichukua aliona haya kushukuru mara moja, akawa anarudi kuulizia mizigo ambayo hakuwahi kuipoteza. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1968, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja kitindamimba, watoto waliolala fofofo treni zikipita, na treni ikichelewa wakaamka wanalia. Kila mwaka mama yao, shemeji yetu ambaye nasi tulizoea kumwita mama, aliwapeleka kwao kwa treni, peke yake na watoto wake, na gari likianza kwenda alitoa kichwa dirishani akawaambia walio jukwaani, "Wenzangu wanasindikizwa kwa machozi, mimi kwa bendera ya kijani!" Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, ila tuliokuwa karibu tulijua kwamba kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake kilimuuma.

Treni ya mwisho iliondoka tarehe 30 Septemba 1992, wafanyakazi wakatawanyika, kaka akabaki kuwa mlinzi wa jengo, na kila asubuhi akafagia jukwaa ambalo hakuna aliyelikanyaga tena. Watu walisema akili zimemruka, na hata wanawe walimsihi ahame. Mama naye aliingiza cherehani yake kwenye chumba cha kungojea, wateja wakaja, mabenchi yakapata tena wa kuyakalia, na kwa ushonaji ule paa lilizibwa kila lilipovuja, kwa hiyo wanaosema stesheni iliokolewa na Mzee Stesheni wamesema nusu. Mwaka 2008 chama cha wapenzi wa reli kilikuja kuikarabati iwe stesheni ya kumbukumbu, na Jumamosi ya tarehe 5 Juni 2010 treni ya mvuke iliingia tena, watu wazima wakalia kama watoto, na tangu hapo huja kila Jumamosi alasiri.

Kaka akarudi kwenye bendera yake, mpaka Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba mwaka huo, mkewe alipotoka jikoni amevaa kofia ya chama, kwani alikuwa amefanya mtihani wa ishara kimyakimya na kufaulu, akamnyang'anya bendera mbele ya abiria wote na kumwambia, "Panda, baba watoto. Ikirudi nitaipokea mimi." Kaka akamuuliza kazi ile amefundishwa na nani. "Miaka yote hiyo," akasema mama, "umewahi kuona dirisha la jiko limefungwa?"

Akapanda, umri wake miaka sitini na saba, akaketi na dereva, wakaenda mpaka stesheni ya pili na kugeuza. Wakati wa kurudi treni iliuzunguka mlima, na ghafla pakafunguka mbele yake kitu ambacho hakuwahi kukiona, mawe yote yamewaka jua la alasiri, vigae vyekundu, tangi limesimama juu ya miguu yake, jukwaa limenyooka na kutulia, na katikati yake mtu mmoja, mdogo kwa mbali, amesimama wima na bendera ya kijani. Kaka akauliza, "Hapa ni wapi?" Dereva akacheka akidhani ni mzaha, akamwangalia usoni, akapunguza mwendo. Jioni ile kaka alitueleza sisi wadogo zake kwamba miaka yote alidhani abiria wanaochungulia madirishani wanatafuta ndugu zao, kumbe walikuwa wameduwaa, na kwamba yeye alizaliwa hapo, akazeekea hapo, na hakujua anaishi ndani ya nini. Tulidhani atasifu mawe, lakini alisema kilichomtetemesha ni kukuta amesimama mtu, kwamba pasipo mtu jengo lile lingekuwa ukuta tu. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alipanda yeye, na mkewe akampokea.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, akatibiwa akirudi nyumbani, mpaka tarehe 6 Machi 2023 alipolazwa katika hospitali iliyo juu ya mlima ule ule, na kuanzia usiku huo mkewe alilala kwenye kiti kando ya kitanda. Jumamosi ya tarehe 18 alimwambia mkewe aende akaipokee treni. Mama alikataa, akasema chama kitamtafuta mtu mwingine, leo haondoki. Kaka akamwambia, "Watafute wa nini, na wewe upo? Mimi sitapanda leo, nataka nisikie tu." Mama akaondoka analia, binti yao akabaki na baba yake, na ndiye aliyetusimulia aliyoyaona.

Treni ikifika kwenye mlima na kukuta ishara imefungwa, dereva hupiga honi moja ndefu na kusimama nje, na ikiwa imekubaliwa hupiga mbili fupi na kuingia. Saa kumi na dakika kumi alasiri dirisha la wodi lilikuwa wazi, zikasikika mbili fupi. Kaka akafumba macho, akasema, "Kaipokea," na hilo ndilo neno lake la mwisho. Wanaouliza mke alikuwa wapi wamejibiwa na marehemu mwenyewe, alikuwa mahali ambapo mumewe alimsikia.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliokubali dirisha libaki wazi na upepo ule wote, majirani walioleta viti, sufuria na mabega ya kulilia, wanachama wa chama cha wapenzi wa reli, na dereva wa treni ya Jumamosi, ambaye hakujua honi yake inasikilizwa na nani. Nawe shemeji yetu, sisi upande wa mwanamume tumekosa kwa midomo yetu, tunakuomba radhi hadharani, kwa kuwa tulikusema hadharani, na tunakuomba wewe uwe wa kwanza kutupa udongo kaburini. Kaka, umependwa mpaka mwisho na ukasikia kwa masikio yako, pumzika kwa amani.